Lenzi ya wanunuzi wa dhahabu, kwa kazi ya laikeni: nyota nne

Wanunuzi wa dhahabu hapa Mwanza wanaijua: ni ile lenzi ndogo ya kukunja, ya kukuza mara 10, wanayoibana jichoni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Yangu nimeinunua shilingi 15,000 kwenye duka la mizani karibu na Makoroboi, niangalie laikeni, yale mabaka ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa yaliyoshika mawe yetu. Kila baka ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja.

Klabu yetu ya sayansi inasoma viumbe wa ncha za dunia. Antaktika ina aina 2 tu za mimea ya asili inayotoa maua, lakini laikeni zinafika aina 400 hivi. Kwa picha pekee wanafunzi walikuwa wanakariri majina tu. Nikawapeleka kwenye mawe ya Capri Point na lenzi.

Hapo kazi ilinoga. Laikeni huanza kupangwa kwa umbo. Jiwe la kwanza lilikuwa na baka lililoshika kama ukoko wa wali chini ya sufuria, huwezi kulibandua, na juu yake visahani vyeusi ambamo kuvu hutengeneza spora, chembe zake za kuzaliana. Pembeni lilikuwapo jingine lenye umbo la majani, kingo zimenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini Buellia frigida ya Antaktika, nyeusi na iliyogandamana na mwamba, iko kundi la ukoko, na Usnea antarctica yenye vitawi iko kundi la vichaka.

Kuna nyingine, Rusavskia elegans, ya rangi ya chungwa. Inaota Aktiki, Antaktika na hata kwenye milima mirefu, na hustawi sana kwenye miamba wanapotua ndege, maana kinyesi chao kina nitrojeni. Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza kama mawe ya ziwani wanapotua minandi nayo yana laikeni tofauti na mawe ya mlimani. Swali zuri mno, na sasa ndiyo kazi ya klabu.

Kasoro zipo. Pembeni mwa kioo picha inafifia na kuweka ukingo wa bluu. Spora zenyewe huzioni, hizo ni za hadubini. Skrubu ya bawaba hulegea, ingawa muuzaji alinikazia bure. Lenzi iliyoandikwa mara 30 msiichukue hata mkibembelezwa: giza tupu, na unaona sehemu ndogo mno, wakati laikeni unataka kuuona ukingo wake wote.

Mkienda, simameni mlangoni penye mwanga na msome maandishi madogo ya noti kwa lenzi kabla ya kulipa. Zilizo dukani hazifanani ubora.