Karuta au Kikapu cha Matunda?

Tangu mwaka 2020, shule za msingi za Japani hufundisha Kiingereza vipindi 35 kwa mwaka katika darasa la tatu na la nne, na vipindi 70 katika la tano na la sita. Kipindi ni dakika 45 tu, kwa hiyo mchezo wa kufundishia maneno uchaguliwe kwa makini.

Karuta, mchezo wa kadi wa Kijapani, hauhitaji maelezo kwa watoto hawa. Watoto wengi wameucheza nyumbani, hasa wakati wa Mwaka Mpya. Kadi za picha hutandazwa, mwalimu hutaja neno, na anayeigusa kadi kwanza huichukua. Masikio hunolewa kweli, na mwenye haya hushiriki bila woga. Lakini anaweza kumaliza kipindi kizima bila kutamka chochote, na mwepesi mmoja akazoa kadi zote. Mimi ningetaka kundi zima lirudie neno kabla ya mikono kunyooshwa, na aliyeshika kadi ataje neno linalofuata.

Kikapu cha Matunda huchezwa kwa viti vilivyopangwa duara, pungufu kimoja, na kila mtoto hupewa jina la tunda. Aliyekosa kiti hutaja tunda, na wote waliopewa tunda hilo huhama. Hapa mtoto husema kwa sababu anataka kiti, na hiyo ndiyo sababu bora ya kusema. Kupanga viti hula muda, kelele ni nyingi, na mtoto akikwama katikati mwalimu amnong'oneze neno upesi.

Kwa maneno mapya darasa la tatu, nachagua karuta. Darasa la tano, wakishaweza kusema "wote wanaopenda soka!" kwa Kiingereza badala ya kutaja tunda tu, nawapa viti.