Fundi bomba wa Kinyerezi: nampa nyota nne kwa kazi ya bafu la ghorofani

Kama unakaa nyumba ya ghorofa na umeona doa la kahawia darini, chini ya bafu la juu, tafadhali soma hapa kabla hujamruhusu mtu kuinua nyundo. Huduma ninayoisifia ni ya fundi bomba mmoja anayepatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kinyerezi Mwisho. Jina lake na namba yake sivianiki hapa bila ridhaa yake, ila kazi yake nitaieleza yote.

Chumba kilicho chini ya bafu letu anakaa mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kwa matibabu. Doa lilianzia karibu na taa, likatambaa kuelekea ukutani, mwisho jipsamu ikavimba kama andazi. Mgonjwa analala chini ya maji ya bafuni! Nilikosa amani kabisa.

Fundi wa kwanza niliyemwita alipanda juu, akagonga marumaru kwa mpini wa nyundo, akasema zinalia tupu, kwa hiyo sakafu yote ivunjwe, ipigwe dawa ya kuzuia maji, ziwekwe mpya. Akataja milioni moja na laki mbili. Chumba cha chini hakuingia. Wa pili alijaza simenti nyeupe kwenye maungio ya marumaru, akazungushia silikoni, akachukua hela yake. Matone yakarudi.

Huyu wa Kinyerezi alianza kwa kusema bei ya ukaguzi, elfu 30, na kwamba nikimpa kazi ataikata kwenye malipo. Kisha akaenda moja kwa moja chumba cha chini. Akamwamkia mama, akazima umeme wa taa za chumba kile, akasogeza kitanda, akaweka ndoo, na kwa bisibisi akatoboa tundu dogo katikati ya uvimbe. Maji yakashuka kwa mchirizi.

"Mwanangu, ndiyo unanitobolea dari?" mama akauliza.

"Nayapa njia, bibi. Yakijaa humo jipsamu inakuwa nzito, siku moja inakuangukia yote."

Halafu akakinga matone kwenye kikombe cheupe. Akayanusa, akayasugua kati ya dole gumba na cha shahada. Yalikuwa na utelezi wa sabuni. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yake: "Dada, yanadondoka muda wote, au mtu akishaoga?" Nikafikiri, na kweli, yalikuwa yanadondoka alfajiri watoto wanapojiandaa kwenda shule, na usiku baba yao akishatoka kuoga. Mchana kukavu.

Alinieleza kwa utulivu, na nawaelezeni kama nilivyoelewa. Bomba la maji safi lina presha saa zote, kwa hiyo likipasuka linavuja usiku na mchana, mtu aoge asioge. Bomba la maji machafu linavuja pale tu maji yanapopita. Wengi tunaambiwa tufunge bomba zote tuangalie kama mita inazunguka, lakini nyumba nyingi hapa Dar maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanaingia kwanza kwenye tanki, ndipo yanateremka bafuni. Tanki likiwa limejaa, mita inaweza kutulia tuli huku bomba la ndani linavuja. Kwa hiyo alifunga maji yanayoingia kwenye tanki, tukafunga bomba zote za nyumba, akaweka alama ya usawa wa maji tankini, akaniambia nisubiri mpaka asubuhi. Usawa haukushuka. Maji safi yakawa yametoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimwamini. Aliziba tundu la kutolea maji bafuni kwa kitambaa na mpira, akajaza maji sakafuni kufikia kimo cha vidole viwili, yakazuiwa na kizingiti cha shawa. Akachora mstari wa penseli ukutani na kuniomba tusilitumie bafu hilo kutwa nzima. Jioni maji yalikuwa palepale kwenye mstari, na chini hakuna tone. Akazibua. Haikupita robo saa, ndoo ikaanza kulia.

Sakafu ilikuwa nzima. Zile marumaru nilizoambiwa zivunjwe hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa chini ya zege, kwenye bomba linalopokea maji kutoka tunduni.

Alikata jipsamu kipande cha mraba, cha kutosha kupenyeza mabega, na kuniita nipande ngazi nione mwenyewe. Bomba la PVC la inchi 2 lilikuwa linaning'inia bila klipu hata moja, limepinda kwa uzito wake mpaka limejivuta kutoka kwenye elbo, kile kiungo cha kona. Alipolichomoa, lilitoka kwa mkono. Ndani ya elbo hapakuwa na alama ya gundi, ila ukoko mweupe wa sabuni na nywele. Aliyejenga alilisukuma tu, akalifunika kwa dari. Niliumia kweli, kwa sababu ni kazi ya dakika chache na kopo moja la gundi.

Akakata sehemu iliyoharibika, akasafisha ncha, akapaka gundi pande zote mbili, bomba na elbo, akasukuma huku akizungusha kidogo, akashikilia mpaka ikakamata. Akafunga klipu kwenye zege na kuweka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, akiukagua kwa pimamaji. Alikataa tuoge siku hiyo ili gundi ikauke vizuri. Na baada ya kulijaribu kwa maji alisisitiza shimo la dari libaki wazi siku kadhaa, tuwe tunamulika kwa tochi kila mtu akioga, kabla ya kufunika. Hakuna marumaru hata moja iliyovunjwa.

Nililipa laki 2 na elfu 20, vifaa ndani yake, na ile elfu 30 aliikata kama alivyoahidi. Aliniletea risiti za dukani na chenji.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Siku ya kwanza tuliahidiana saa mbili asubuhi, akaja alasiri bila kupiga simu, nami nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Na dhamana yake ya miezi 6 ni ya mdomo. Mtu mwenye ujuzi kama huu anastahili kutoa karatasi iliyosainiwa, na mteja anastahili kuipata.

Jambo jingine la kujua mapema: dari si kazi yake. Utahitaji fundi jipsamu na fundi rangi, na ni vizuri uwatafute wakati shimo likiwa bado kwenye uangalizi, si baada yake kama ilivyotokea kwetu. Fundi rangi akija, mwambie doa la zamani alipake kwanza rangi ya mafuta, likauke, ndipo apitishe rangi ya maji. Akipaka rangi ya maji peke yake, ile kahawia itapenya tena juu na utadhani bomba linavuja upya.