Uzoefu wangu na chipu za kufuatilia uhai wa popo, Kisumu

Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikitumia chipu za utambulisho zisizo na betri kufuatilia popo wadogo wa mkia huru wanaolala ndani ya paa la ukumbi mmoja wa zamani, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Tulitaka kujua ni wangapi kati ya popo tuliowatia alama wanaofika mwaka wa pili wakiwa hai. Vibali, pamoja na kile cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayosimamia utafiti wa sayansi, vilitangulia, na kila anayeshika popo katika kikundi chetu amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Chipu yenyewe naipa alama za juu. Ni kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 na unene wa milimita 2 hivi, chenye uzito wa takribani gramu 0.1, yaani kama asilimia 1 ya popo wa gramu 10, ilhali desturi ya watafiti ni kutomtwika popo zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake. Huingizwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega, na hukaa kimya mpaka popo apite karibu na antena; hapo hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kilohezi 134.2 na kurudisha namba yake ya tarakimu 15. Pete za kuvisha mkononi, ambazo niliwahi kuzitumia, humkwaruza popo ngozi ya bawa, nami sitazirudia.

Siku za mwanzo tuliikuta chipu moja chini ya mfuko wa kitambaa tuliomhifadhi popo ndani yake: ilikuwa imeteleza na kutokea kwenye tundu lile lile la sindano. Tangu hapo tunaziba tundu kwa tone la gundi ya vidonda na kuibana ngozi kwa vidole mpaka ikauke, kwa sababu kwenye hesabu, popo aliyeangusha chipu hana tofauti na popo aliyekufa.

Malalamiko yangu yako kwenye antena. Karatasi ya maelezo iliahidi umbali wa kusoma ambao sijauona hata siku moja, kwa kuwa paa letu ni la mabati na chuma huvuruga mawimbi. Ilitubidi tuifunge antena kwenye fremu ya mbao na kuisogeza mbali na ukingo wa bati. Hata hivyo, jua linapozama popo hutoka kwa mkupuo, na chipu mbili zikipita pamoja mawimbi yake huingiliana zisisomeke zote mbili. Kilichotufaa ni kuiacha mashine ya kusomea chipu iwake usiku kucha kwa betri ya gari, maana wakirudi hurejea mmoja mmoja.

Mlinzi wa ukumbi, mzee ambaye kila asubuhi hufagia mavi ya popo barazani, aliniuliza: "Mwalimu, hao msiowasikia wamekufa, au wamehamia kwa jirani?" Nilikosa jibu la haraka. Tunatumia modeli ya takwimu iitwayo Cormack-Jolly-Seber, iliyotokana na kazi za mwaka 1964 na 1965, nayo hutenganisha uwezekano wa popo kuwa hai na uwezekano wa sisi kumsoma. Lakini popo aliyehama asirudi tena, modeli humhesabu pamoja na wafu. Kwa hiyo anayenunua vifaa hivi akidhani kwamba namba iliyonyamaza ni kifo atakuwa anawazika popo walio hai.

Kwa ruhusa ya jirani, tulipeleka antena ya pili kwenye ghala lake la mahindi. Usiku wa kwanza ilisoma namba nne za kwetu, mojawapo ikiwa haijasikika tangu mvua za masika. Sasa tunatafuta fedha za antena ya tatu. Chipu tulizo nazo zinatosha.