Chai ya Kibirizi ni tamu, tatizo ni ubao wa bei

Mwaka sasa nakunywa chai kwa huyu mama kila nikiwa na mzigo wa kutoa bandarini Kibirizi, hapa Kigoma. Ni mgahawa wa mabati ya bluu. Ukitoka wanapoanika dagaa, unaukuta kabla hujafika kwa bodaboda. Chai yake ya maziwa naipa kumi kwa kumi. Tangawizi anatwanga mwenyewe, na inakuja ya moto hadi unalazimika kuimimina kwenye kisosi. Chapati zinaisha saa tatu. Ukichelewa utakula andazi la jana, na hatakuficha: "Hili la jana, baba."

Sasa ubao. Chai rangi 500, chai maziwa 1,000, icayi 1,000, thé 1,500, chai tea 3,000.

Icayi ni ya Warundi, ambao kwao c peke yake inatosha kuwa ch. Ni chai ileile kwa bei ileile, sina neno. Thé ni ya Wakongomani na Kifaransa chao. Wanaletewa kifuko, chupa ya maji moto na maziwa pembeni. Haki yake 1,500.

Hiyo chai tea ndiyo ilinikosesha usingizi. Nikaagiza moja, na ya maziwa moja, nikaviweka vikombe pamoja. Rangi moja, utando mmoja wa maziwa, na chini chembe zilezile za tangawizi.

"Mama, hizi zimetoka sufuria mbili?"

"Moja, baba. Wazungu wanaokwenda Gombe kuona sokwe wanaiita hivyo, na mimi nimeandika wanavyoita."

Kumbe Mwingereza akisema chai hamaanishi kila chai, anamaanisha hii ya maziwa na viungo tu. Kwake chai tea ina maana. Kwangu ni chai chai, mara tatu ya bei.

Na maneno yenyewe ni mamoja. Wachina wana herufi moja ya chai. Sehemu kubwa ya nchi huisoma cha, watu wa pwani ya Fujian huisoma te. Waholanzi walibeba te kwenye meli, ndiyo thé na tea. Cha ilipita nchi kavu, Uajemi ikapata i mwishoni, ikashuka India, ikavuka bahari hadi kwetu. Mwarabu hana ch, akasema shai. Mama alinisikiliza huku akigeuza chapati, akaniuliza kama Wachina nao wanakuja Kibirizi.

Siku nyingine mgeni mmoja alikaa meza yangu, shingoni ana kidani cha herufi mbili za Kiebrania. Akaonyesha ubao, akacheka. Neno la kidani chake, likiandikwa kwa herufi za Kizungu, huwa hivyohivyo, chai, ila ch yake ni kh ya kooni, na maana yake ni hai. Mimi mtoto wa madrasa ya Ujiji sikuhitaji maelezo zaidi: huyo ni ndugu wa Hayyu ya Kiarabu, jina la Mwenyezi Mungu, na wa hai yetu hii hii. Na ile ya kikombeni haina undugu naye hata kidogo. Mama akasema basi ataliongeza ubaoni. Nikamwomba, akiliongeza, asiliwekee bei.

Huduma ni ya haraka isipokuwa boti ya Kagunga ikishusha abiria. Hapo usimwite mtu, subiri zamu yako. Meza ya dirishani inayumba, weka kikaratasi chini ya mguu.

La mwisho ni risiti, anaandika kwa mkono. Mwezi uliopita nilikunywa na wateja wawili, akaniandikia "Chai 6,000", nami nikaipeleka ofisini na karatasi za forodha. Bosi akavua miwani.

"Chai ya nani hii?"

Nilieleza nusu saa: maziwa, tangawizi, Gombe. Akaniambia nisimletee chai nyingine juu ya chai. Siku hizi namwomba Mama aniandikie thé.