Matete pacha ya Mkunazini: chukua yasiyo na shaba

Katika vichochoro vya Mkunazini, Unguja, si mbali na Kanisa Kuu la Anglikana, kuna duka la ala na vinyago linalouza matete mawili yaliyofungwa pamoja kwa uzi, kila moja na kilimi chake, yaani kipande kidogo kinachotetema na kutoa sauti. Yapo ya aina mbili. Ya kawaida ni shilingi 35,000. Yale yenye pete za shaba mdomoni na mwishoni ni 60,000. Ndani ya mfuko wa ukindu unapewa vilimi vinne vya akiba, kipande cha nta na karatasi inayosema kuwa hii ni "filimbi ya Daudi ya hekaluni". Ala yenyewe ni nzuri kuliko inavyoonekana. Karatasi itupe.

Daudi anajulikana kwa kinubi. Ndicho alichompigia Sauli katika 1 Samweli 16. Ala hii ni jamaa ya halili, bomba la kupuliza la Waisraeli wa kale, nayo ina historia yake. Manabii wanashuka nayo kutoka mahali pa juu katika 1 Samweli 10:5. Watu wanaipiga wakimfuata Sulemani aliyetawazwa, hata nchi inatikisika (1 Wafalme 1:40). Isaya anaitaja mara mbili: kwenye karamu za mvinyo anazozikemea (5:12), na kwa mtu anayepanda mlima wa Bwana kwa furaha (30:29). Yeremia 48:36 anaitumia kwa maombolezo. Lakini Walawi wanapopangiwa ala katika Mambo ya Nyakati, wanapewa vinanda, vinubi na matoazi, na makuhani wanapewa tarumbeta, halili haimo. Ilikuwa ala ya njiani, arusini na msibani kabla ya kuwa ala ya madhabahu.

Hata katika Hekalu la pili ilipewa siku maalumu tu. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa karibu mwaka 200 BK, inahesabu siku 12 kwa mwaka mbele ya madhabahu: kuchinjwa kwa Pasaka ya kwanza na ya pili (ya walioikosa ya kwanza), siku ya kwanza ya Pasaka, sikukuu ya Majuma, na siku nane za Vibanda. Wapigaji wasipungue wawili, wala wasizidi 12. Kuhusu ni nani waliopiga, wanazuoni walibishana: mmoja alisema ni watumwa wa makuhani, mwingine akasema ni koo mbili za Emau, wa tatu akashikilia kuwa ni Walawi. Na Mishna hiyohiyo inamtaka hata maskini wa mwisho, akifiwa na mke, alete wapigaji wawili na mwanamke mmoja wa kuomboleza. Hao wapigaji ndio Yesu anaowakuta nyumbani kwa yule jumbe katika Mathayo 9:23. Kwa hiyo kwaya inayotaka ala hii kwa maandamano ya Jumapili ya Matawi, kwa harusi au kwa maziko imekwenda mahali pake. Kuipiga kila ibada kama kinanda hakuna mfano wa kale.

Sasa shaba. Mishna inasema wazi kuwa hawakupiga kwa bomba la shaba bali kwa la tete, kwa sababu sauti ya tete ni tamu. Talmudi, kitabu cha marabi kinachoifafanua Mishna, inaongeza habari ya bomba la tete, laini na jembamba, lililokuwamo Hekaluni tangu zama za Musa: mfalme akaamuru lipambwe kwa dhahabu, sauti ikaharibika, wakaibandua dhahabu na sauti ikarudi. Anayelipa shilingi 25,000 zaidi hapa Unguja ananunua kosa lilelile. Sababu yake ni ya kifundi tu. Tete hunywa unyevu wa pumzi na kuvimba, pete haivimbi. Linabanwa, likikauka linasinyaa, na pete inabaki inacheza na kuleta mlio wa nyuki katika noti za chini. Hizi zimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo tete likisinyaa huvutwa upande mmoja na kupasuka kwa urefu, tena upande wa mdomo ambako maji ni mengi zaidi. Ya kawaida yamefungwa kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, na uzi hulegea na kukaza pamoja na tete.

Umbo limechaguliwa vizuri. Mabomba mawili ndiyo yanayoonekana kwenye sanamu ya udongo ya mpigaji iliyofukuliwa Tel Malhata, kusini mwa Yuda, na yale ya fedha ya makaburi ya kifalme ya Uru, katika Iraki ya leo, yenye umri wa miaka 4,500 hivi, ni jozi pia. Ila sanamu inaonyesha mabomba yaliyoachana kama njia panda, kila mkono na lake. Fundi ameyalaza sambamba, namna ya mijwizi ya Kiarabu, ambapo kidole kimoja huziba matundu mawili kwa pamoja. Ukitaka namna ya kale, fungua uzi wa chini, acha wa juu. Kisha ziba kwa nta matundu manne ya bomba la kushoto, ubakishe la chini kabisa. Hapo mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unashikilia sauti moja ya kuegemea. Waimbaji wasio na kinanda watakushukuru.

Kila bomba, kutoka ncha ya kilimi hadi mwisho, ni sentimita 30, na lina matundu matano. Sauti ya chini inaangukia karibu na Re iliyo juu kidogo ya Do ya katikati ya kinanda. Nai (filimbi isiyo na kilimi) ya urefu huo ingetoa sauti ya juu zaidi kwa oktava nzima, maana nai iko wazi pande zote mbili, ilhali bomba la kilimi hufanya kazi kama limezibwa upande wa mdomo. Ndiyo maana pia ukipuliza kwa nguvu halirukii oktava. Linaruka oktava na noti tano, au linapiga kelele tu. Usitafute sauti za juu humu. Noti sita ndizo ulizonunua.

Kilimi ni pingili nyembamba ya tete, imezibwa juu kwa kifundo chake, na ubavuni umechongwa ulimi wa kama sentimita 2. Chovya vilimi vyote viwili mdomoni kwa dakika moja hivi, kisha viingize ndani kabisa, midomo ifunge kwenye bomba na si kwenye ulimi. Hapa wapigaji wa zumari hukosea mwanzoni: hakuna kisahani cha kuegemeza mdomo, na kilimi hakibanwi na midomo. Pumzi ni ileile ya zumari, mashavu yanasukuma hewa huku pua inavuta. Usikate noti kwa ulimi wako. Zitenge kwa vidole.

Bomba likinyamaza baada ya dakika chache, ulimi wa kilimi umelowa na kujifunga. Pitisha unywele mmoja chini yake, uusogeze hadi penye mzizi, ubaki umeinuka kidogo. Likipiga yowe, ulimi ni mwembamba mno au mfupi mno: weka punje ya nta nchani, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Nta nchani hushusha sauti. Kuipandisha, sogeza uzi wa kwenye mzizi kuelekea nchani. Kwa njia hizo mbili linganisha mabomba yako, huku umeziba matundu yote. Tofauti ya mitetemo miwili kwa sekunde (292 na 290, tuseme) hutoa wimbi linalosikika mara mbili kila sekunde, na huo ndio utamu wa jozi. Ikifika sita au saba inakuwa ugomvi.

Kasoro kubwa ni mpangilio wa matundu. Fundi ameyaacha kwa nafasi sawasawa, jambo linalofaa vidole, lakini noti ya tatu inaangukia katikati ya kubwa na ndogo. Sikio la taarabu litaipokea kama rasti, mojawapo ya mizani za muziki wa Kiarabu, wala halitauliza. Kwaya yenye kinanda cha umeme itaona imechukiza, na haitakuwa imekosea. Tiba ni nta kwenye ukingo wa juu wa tundu, upande wa mdomo, ili kushusha. Au kupanua ukingo huohuo kwa msasa uliokunjwa ili kupandisha. Anza na nta, inatoka. Tete lililosagwa halirudi. Kumbuka pia kuwa joto likipanda nyuzi 10 sauti hupanda karibu theluthi moja ya nusu-toni, kwa hiyo linganisha ukiwa ndani ya kanisa lilelile, si nje juani.

Hewa yetu ni adui mkubwa kuliko matumizi. Baada ya kupiga, chomoa vilimi, vifute, viache kivulini. Mfuko wa plastiki wakati wa masika ni ukungu mtupu. Ndani ya mabomba pitisha pamba yenye tone la mafuta ya ufuta, mara moja kwa miezi michache, bila kugusa vilimi. Unga mweupe ukidondoka ukigonga bomba mezani, wadudu wameshaingia, na halifai kukaa karibu na mengine.

Dukani, chungulia ndani ya kila bomba kuelekea mwanga: vifundo viwe vimetobolewa vyote na kusafishwa, visiache ukuta uliokatika nusu, maana hapo ndipo noti ya chini inapokwama. Ziba matundu na mwisho, puliza taratibu bomba likiwa ndani ya ndoo ya maji. Mapovu ubavuni ni ufa. Kisha omba kusikia kila bomba peke yake kabla ya mawili pamoja, kwa sababu wauzaji hupenda kupiga jozi ili bomba zuri lifunike bovu. Na vilimi vya akiba ombeni vinane badala ya vinne. Vilimi huisha kabla ya mabomba, na kwa bei ya kawaida bado mtakuwa chini sana ya ile ya shaba.