Muziki wa wasanii huru: kuusaka kwenye simu au kuufuata ukumbini?

Kwa wingi wa nyimbo, simu haina mpinzani. Tangu 2015 Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, huwaandalia wasikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu kupitia orodha iitwayo Discover Weekly, na ukiwa umejilaza tu unakutana na msanii ambaye hujawahi hata kumsikia jina. Kasoro ni kwamba programu hukupimia kwa yale uliyokwisha kusikiliza, hivyo nyimbo huanza kufanana kama mapacha. Tena kidole kiko karibu: utangulizi ukichelewa kidogo, unaruka.

Ukumbi wa watu 50 haukupi nafasi hiyo. Umesimama hatua tatu kutoka kwa mpiga gitaa, unaona vidole vikiteleza kwenye nyuzi, unamsikia akivuta pumzi kabla ya kuimba. Wimbo ambao kwenye simu ningeuacha sekunde ya kumi, pale hunishika mpaka mwisho. Hupenda kufika mapema nimwahi msanii wa kufungua jukwaa. Mara nyingi huyo ndiye ninayeondoka naye moyoni.

Upande wa pesa, tangu 2024 wimbo usiosikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu Spotify. Ukinunua fulana mezani baada ya onyesho, msanii anaiona pesa usiku uleule. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huwauzia mashabiki nyimbo moja kwa moja, nayo hukata takriban asilimia 15 kwa nyimbo, iko katikati.

Mimi nachagua ukumbi. Beba tu vizibo vya masikio, maana spika huwa karibu mno.