Vidonge vya "kuamsha AMPK": nyota mbili tu

Hivi vidonge vya berberini (kemikali inayotoka kwenye mimea) vinavyotangazwa kila kona kwamba vinaamsha AMPK na kuyeyusha mafuta ya ini, nimevitumia mpaka chupa imeisha, acha niseme.

Sayansi wanayoitaja ipo, hapo nawapa haki yao. AMPK ni kimeng'enya kinachopima nishati ndani ya seli, ATP (nishati ya matumizi ya seli) ikipungua na AMP (mabaki ya ATP iliyotumika) ikipanda kinaamka, kinakibandika fosfati kimeng'enya kingine kinachoitwa asetili-CoA kaboksilasi na kukizima. Hicho ndicho kinachotengeneza malonili-CoA, na malonili-CoA ndio malighafi ya mafuta mapya, halafu hiyohiyo ndio inayoziba CPT1, mlango ambao mafuta hupitia kwenda kuchomwa kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Kwa hiyo ikishuka, ini linapunguza kutengeneza mafuta na linaanza kuchoma yaliyopo, yote kwa mpigo. Mimi huu mpangilio unanikosha kila nikiusoma aisee.

Ila kuna kitu tangazo halisemi. Dawa zenyewe za kuzuia hiyo kaboksilasi zilipojaribiwa kwa watu, mafuta ya ini yalishuka kweli lakini trigliseridi (mafuta yanayozunguka) kwenye damu zikapanda, maana ini lilianza kusukuma nje VLDL nyingi zaidi, vile vifurushi vinavyobeba mafuta kutoka kwenye ini. Kwa hiyo ukiambiwa "zima kimeng'enya mafuta yaishe", uliza yanaenda wapi.

Sasa njoo kwenye chupa. Mbele AMPK kwa herufi kubwaa, geuza nyuma unakuta "mchanganyiko maalum" wa mimea mitano, jumla ya miligramu imeandikwa ila berberini ni ngapi humo hakuna, sasa dozi utaijuaje? Tumbo lilinivuruga wiki ya kwanza, kumbe berberini inajulikana kwa hilo, lebo kimya. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba berberini inazubaisha CYP3A4, kimeng'enya cha ini hilohilo kinachovunja dawa kibao, mtu aliyepandikizwa figo anayetumia siklosporini (dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo) dawa hiyo inaweza kumzidi kwenye damu mpaka ikawa sumu, na onyo halipo hata la herufi ndogo.

Kifuniko kizuri, vidonge havinuki, basi. Sinunui tena. Kama una mafuta kwenye ini, kupunguza uzito kwa asilimia 7 mpaka 10 kuna ushahidi mzito kuliko hii chupa, na kama unameza dawa yoyote muulize daktari au mfamasia kwanza. Wajawazito na wanaonyonyesha msiguse kabisa.